Kikohozi cha Msusi

Wahenga walisema mficha uchi hazai: anayeona haya kuonyesha shida yake huikosa na dawa yake. Msusi aliyajua maneno hayo tangu shuleni, lakini kusema si kutenda.

Gonjwa lilipoingia mtaani, familia ya kwanza kujitenga ilikiona cha mtema kuni. Majirani waliupita mlango wao mbio, na mama muuza mkaa, ambaye mdomo wake hauna breki, akatangaza kuwa nyumba ile imelaaniwa. Kwa hiyo kikohozi kilipomwanza, maskini msusi alisingizia dawa za nywele.

"Hizi dawa zitaniua jamani!" alicheka, mwili ukimchemka. Wateja wakacheka naye.

Nyumbani aliishi chumba kimoja na bibi yake, mgonjwa wa pumu. Asubuhi moja kikongwe alijikalisha kibarazani, akavua kilemba.

"Njoo unisuke, mjukuu wangu. Wa nje unawapamba, mimi nimegeuka kinyago?"

Msusi alichukua kitana, akafika mlangoni, miguu ikagoma. Aliitazama ile shingo nyembamba, moyo ukamwuma. Akisema, mtaa mzima utamkimbia. Akinyamaza, huenda akamzika bibi.

"Bibi, usinisogelee!" alipaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Naumwa. Si dawa za nywele, ni lile gonjwa."

Muuza mkaa, aliyekuwa uani akijaza kopo la mteja, aliliweka chini. Msusi akajikaza kupokea masimango.

"Mwanangu," mama yule alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "hata mimi tangu juzi sisikii harufu ya chochote. Niliona aibu, kwa yale niliyowasema wenzangu."

Fundi viatu, jirani yao, akapasua kicheko. "Kumbe dawa za nywele zimefika hadi kwenye mkaa!"

Papo hapo alihamisha ngozi na soli kutoka stoo yake, msusi akapata pa kulala peke yake. Muuza mkaa alijifungia kwake, akawaomba radhi majirani kupitia dirishani. Majirani waliwaachia wagonjwa uji milangoni, na mhudumu wa afya akaitwa. Alimkuta bibi ameshaanza kubanwa kifua, akampeleka hospitali.

Bibi alipona. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, pumu ingemmaliza. Naam, mficha uchi hazai.