Sufuria Lililoitwa Mashallah

Hapo zamani, na sisemi zamani za mababu, zamani ya juzi tu, watu wakiwa na laini tatu za simu na salio hawana, palikuwa na kikundi cha wanawake cha kuazimana vyombo vya shughuli pale Majengo, Muheza. Nyie wa nyuma, tafuneni karanga zenu kimya, nasimulia mara moja tu.

Kikundi kilikuwa na mikeka, makarai, sahani za kutosha harusi mbili, na sufuria moja la kupikia mchele kilo sitini. Sufuria hilo liliitwa Mashallah, maana kila aliyeliona mara ya kwanza alisema hivyo. Vyombo vyote vilikaa chini ya ufunguo mmoja, na mshika ufunguo hakuwa mtu mdogo. Shughuli haianzi hajafika, wala chakula hakipakuliwi mpaka yeye apewe sahani ya kwanza. Miaka ishirini ufunguo ulikuwa kwa Bi Havijawa. Sasa macho yamemchoka, binti yake kamwita akakae naye Handeni, na ufunguo unatafuta mtu.

Siwatu, mshona nguo, aliliona daftari la vyombo limelowa mafuta kurasa zote, akasema haiwezekani. Siwatu hajui kompyuta, hata kuizima. Lakini siku hizi kuna programu mtu anajitengenezea mwenyewe kwenye simu: unagusa hapa, unaburuta pale, umepata orodha. Akatengeneza. Kila mtu akawa anaandika kwa simu yake: chombo gani, kipo kwa nani, namba ya mtu huyo ipi. Wakamsifu Siwatu mpaka akaanza kutembea kwa mapozi.

Ila Majengo mnaijua. Huku mtu mzima hatajwi jina. Mwanamke mmoja kwa majirani ni Mama Sefu, kwa mawifi ni Mke wa Kaka, kwa watoto wa mdogo wake ni Mama Mkubwa, na kila kundi linamjua kwa laini yake. Orodha ikamhesabu watu watatu. Wanawake themanini na mmoja wakawa mia mbili na sita, na vyombo vikapotelea humo.

Ikafika wiki ya harusi ya Ridhiki, binti wa Bi Mwasiti. Wageni mia nne. Shughuli ni Ijumaa. Jumatatu wanalitafuta Mashallah, halipo. Orodha inasema: Mashallah, lipo kwa Mama Mkubwa, na namba pembeni. Wakapiga, haipatikani. Nani kaandika? Orodha haikuuliza. Mama Mkubwa yupi? Majengo nzima, kila mwenye mdogo wake ni Mama Mkubwa wa mtu.

Bi Mwasiti alilia. "Mwanangu anaolewa, wageni niwape chai na mkate?"

Bi Havijawa akautoa ufunguo kwenye pindo la kanga. "Atakayelipata Mashallah kabla ya Ijumaa, huu ni wake. Ni mmoja. Msije mkaniambia mgawane."

Hapo akaingia Kibua, msusi. Kibua akaperuzi mpaka akapata kiongezo, yaani kitu kidogo kilichotengenezwa na watu asiowajua. Unakibandika kwenye programu yako, nacho kinafanya kazi moja ambayo programu yenyewe haiiwezi. Kazi ya hiki ilikuwa kuwatafuta watu walioandikwa mara mbili na kuwafanya mmoja. Lakini kilikuwa na sharti: nipe namba zote za kila mtu. Kibua akasonya. Nani Majengo atakupa namba zake zote?

Zamoyoni, mwuza vitumbua, akasema, "Mimi watanipa."

Simu ya Zamoyoni ni ya vitufe, na kusoma kwake ni kwa kuungaunga. Siku mbili hakukaanga kitumbua hata kimoja. Nyumba hadi nyumba, karatasi mkononi: "Shoga, niandikie laini zako, zilizo hai na zilizokufa, hata ile usiyotaka ijulikane." Wakaandika, kwa sababu ni Zamoyoni, ambaye hakuna msiba wala uzazi uliompita.

Alhamisi Siwatu akaziingiza namba, Kibua akabonyeza kiongezo. Kufumba na kufumbua, mia mbili na sita wakawa themanini. Na yule Mama Mkubwa wa namba isiyopatikana? Bi Mwasiti mwenyewe, laini yake ya zamani. Mtoto wa mdogo wake, dereva wa lori, alilitoa Mashallah kwenye maulidi, akalishusha stoo kwa Mama Mkubwa wake, mwenyewe hayupo, akaandika, akaenda zake Tunduma. Vitunguu vya harusi vilipoletwa, vijana wakavimimina humo, wakavifunika jamvi. Bi Mwasiti kila akizidiwa na kilio alikuwa anakwenda kuegemea jamvi lile.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Ijumaa pilau ikaiva, wageni wakanawa mikono. Ikabaki sahani ya kwanza.

Siwatu akasema, "Ufunguo ni wangu. Bila orodha yangu, kiongezo mngekibandika ukutani?"

Kibua akasema, "Orodha yako ndiyo iliyolipoteza sufuria. Kila mtu anaandika anavyotaka, na hujui nani kaandika. Aliyeponya ni mimi. Ufunguo ni wangu."

Siwatu akadakia, "Kuponya? Kitu umekiokota, hukukitengeneza. Tuko themanini na mmoja, mbona kimetoa themanini? Kimemfanya Mama Sefu na mkamwana wake mtu mmoja, kwa kuwa wanatumia simu moja. Karai alilopoteza mkamwana limemwangukia mkwe, na tangu jana hawasalimiani."

Zamoyoni akasema, "Nyie mlikaa kivulini mnagusa vioo. Mimi visigino vimepasuka. Namba ndizo zilizolitoa sufuria, na namba nimeleta mimi. Ufunguo ni wangu."

Wale wawili wakamgeukia. "Na siri za watu? Laini ambazo waume hawazijui sasa ziko kwenye orodha inayosomwa na kila mtu. Mume wa jirani yetu Tatu keshaiona ya mkewe."

Ilimuuma Zamoyoni, ilionekana. "Walinipa mimi," akasema. "Nani aliyeziweka hadharani, mimi nisiyejua kusoma vizuri au nyie mnaojua?"

Bi Havijawa kakaa jikoni, ufunguo mkono mmoja, sahani mkono mwingine. Akasema, "Mimi macho sina. Waulizeni wenye macho."

Basi wenye macho ni nyie, na pilau inapoa. Je, nani alistahili: aliyejenga orodha, aliyekibandika kiongezo, au aliyeaminiwa milangoni? Na kila anayejibu aniambie na hili: huyo unayempa ufunguo, ungempa na ile laini yako ya tatu?