Aliyekosa Mkutano

Wapendwa, palikuwa na mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliyefundisha habari za utawala na haki. Nani ana haki ya kututawala? Kwa nini tutii sheria? Ni maswali ya tangu enzi za Wayunani, na mpaka leo hayajazeeka. Mwalimu aliyapenda mno. Kipindi chake cha Alhamisi kilipangwa kuisha saa kumi jioni. Kiliwahi kuisha saa kumi? Thubutu! Wanafunzi walibishana mpaka saa kumi na moja, na hakuna aliyelalamika, maana kilikuwa kitamu.

Nje, kwenye varanda, alikaa mama mmoja na ndoo ya maji na dekio lake. Kazi yake ilikuwa kupiga deki darasa lile, afunge mlango, akabidhi funguo, ndipo aende zake.

Alhamisi moja swali lilikuwa hili: mtu asipofika mkutanoni, yaliyoamuliwa yanamfunga?

"Yanamfunga," mwalimu akasema kwa nguvu. "Mlango ulikuwa wazi, saa ilitangazwa. Kunyamaza ni kukubali."

Binti mmoja wa mstari wa nyuma akabisha. "Na kama alizuiwa, mwalimu?"

"Azuiwe na nani? Mtu mzima ana miguu!"

Darasa likacheka. Binti hakukubali kushindwa. Akasema basi waulizwe watu wasiosoma vitabu vya chuo, akaenda kufungua mlango. Saa kumi na robo ilikuwa imeshapita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemaliza?" Mama akanyanyua ndoo kwa furaha.

"Bado. Njoo utusaidie swali."

Mama akaingia, akaelezwa, akafikiri kidogo. "Mimi nakaa mlimani," akasema. "Mtaa wetu una mkutano kila Alhamisi saa kumi na nusu, kuamua bomba la maji liwekwe wapi. Wameshakaa mara mbili, na wanaofika ni wa bondeni tu. Leo wanapiga kura. Likiwekwa bondeni, nitapanda na ndoo kichwani mpaka nife. Na nina la kusema, nimelipanga vizuri kabisa."

"Sasa mama, mbona huendi?" mwalimu akauliza, tena kwa moyo safi.

"Nawasubiri nyinyi mmalize, mwalimu."

Mnacheka? Mwalimu hakucheka. Nyani haoni kundule, lakini siku ile huyu aliliona. Aliona aibu, akafunga kitabu, akamnyang'anya mama dekio. "Funguo nitakabidhi mimi. Kimbia, mama!"

Mama alikimbia. Aliwakuta wanataka kuinua mikono, akaomba aseme kwanza, akasema. Wa bondeni nao si watu wabaya, walikuwa hawajamsikia tu. Bomba likawekwa katikati ya mteremko, na wote wakarudi nyumbani wameridhika. Mwalimu naye alipiga deki vibaya mno, akaacha povu kila kona, wanafunzi wakimsaidia na kumcheka. Naambiwa lile ndilo somo lake lililoeleweka kuliko yote.

Ningeweza kuishia hapo tukaimba. Lakini mfano huu sikuutunga kwa ajili ya watu wa chuo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikaa hapa tukaamua jiko la kanisa lihamishiwe nyuma ya ofisi. Nilikuwa mwenyekiti. Niliuliza kwa sauti hii hii, "Kuna anayepinga?" Kimya. Katibu akaandika: wote wamekubali. Ndugu zangu, wanaopika katika jiko lile walikuwa wapi? Walikuwa karoni, mikono imejaa sabuni, wanaosha vikombe tulivyonywea chai sisi tuliokuwa tunaamua. Sisi ndio tuliowazuia, kisha tukauita ule ukimya wao kibali. Mimi mchungaji wenu nilifanya hivyo, na nimeungama mbele za Mungu. Leo naungama mbele yenu.

Kwa hiyo kikao kile nimekifungua upya. Kitakaa leo baada ya baraka, kikombe cha mwisho kikishaoshwa. Akina mama, chukueni viti vya mbele, mpumzike, mpange maneno yenu. Wazee wa kanisa, vueni makoti, tukunje mikono ya mashati. Vikombe ni mia na ishirini, na sabuni nimeshanunua.