Mia Moja Thelathini na Mbili za Nini?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sote tukisikia hivyo tunaitikia kwa kichwa, kisha tunakwenda zetu kukosea kimyakimya, kwa kuwa ulimi umekuwa mzito kutamka swali dogo. Na aghalabu mwenye ulimi mzito kuliko wote si yule asiyejua kitu, ni yule anayejua mengi. Alikuwapo fundi mmoja wa lifti wa namna hiyo, mtu mwema kabisa, ambaye jirani zake walimwita Kamusi.

Jina alilistahili. Namba ambazo wenzake huzitafuta vitabuni, yeye alizihifadhi kwa ghibu tangu shuleni: mwanga huenda mita ngapi kwa sekunde, dunia huvuta vitu kwa nguvu gani, ratili moja ni sehemu gani ya kilo. Asubuhi akinyoa ndevu aliziimba tarakimu za pai, na mkewe aliyekuwa jikoni alijua kwa tarakimu aliyofikia kama wembe umeshafika kidevuni. Alimpenda kwa hayo, na pia yalimchosha. Ndoa ndivyo ilivyo.

Mke naye alikuwa mtunga programu za kompyuta, na moja aliitunga kwa ajili ya mafundi. Ukiiandikia "mvutano wa dunia", ilikuletea namba yake papo hapo, ikakuuliza unaitaka kwa kipimo gani, kisha ikakubadilishia. Ukiipa namba yako mwenyewe, haikuipokea mpaka uiambie ni ya nini: ya mita au ya futi, ya kilo au ya ratili. Kamusi aliibandika jina la Mdadisi.

"Mashine yako ina udaku," alilalamika. "Niulize mvutano wa dunia kama mtoto wa darasa la nne? Ninao hapa." Akagonga paji la uso.

"Hapo pamejaa, mume wangu," mke alimjibu. "Siku moja kitu kitadondoka."

Wakati huo mama mzazi wa Kamusi alikuwa kwa binti yake, alikokwenda kuuguza goti baada ya kupasuliwa. Goti lilipona nusu tu. Chumba chake kilikuwa ghorofani kwa Kamusi, chumba alichoishi na marehemu mumewe, na ngazi sasa zilimshinda. Walimwahidi chumba kizuri cha chini. Alikataa.

"Mimi nataka kulala kwangu," alimwambia mwanawe kwenye simu. "Kama siwezi kupanda, basi niacheni huku huku."

Maneno hayo yalimchoma Kamusi. Alipiga moyo konde akaamua kumjengea mama lifti kwa mikono yake. Umeme wa mtaani ulikatika ovyo, kwa hiyo hakutaka mota. Kiti kilifungwa kwenye kamba ya chuma iliyopita juu kwenye gurudumu la kapi, na ncha ya pili ya kamba ikabeba mabamba ya chuma. Mabamba yakilingana na uzito wa kiti na mama, mama angejipandisha mwenyewe kwa kuvuta kamba kwa vidole viwili. Yasipolingana, kiti kingemwangusha au kingemrusha.

"Umemuuliza mama uzito wake?" mke alitaka kujua.

"Nani anamuuliza mamake uzito? Hiyo ni adabu gani?"

Badala yake alimwandikia dada yake, na jibu la dada likaja fupi kama kawaida yake: "Nimempima leo. 132." Kamusi aliisoma mara mbili, akaguna. Mama aliyemfahamu alikuwa mwembamba. Maskini, kukaa bila kutembea kumemnenepesha kiasi hiki, aliwaza, na moyo ukamjaa huruma. Hakumwambia hata mkewe ile namba, kwa kumstahi mama.

Aliiandika kwenye kompyuta. Mdadisi akauliza: 132 za nini?

"Za mamangu," Kamusi alinong'ona kwa hasira. Akaingia kwenye mipangilio ya programu na kuzima maswali yote. Ikanyamaza, ikachukulia kuwa ni kilo, ikampa hesabu ya mabamba. Alikijaribu kiti kwa viroba vya mchanga vya uzito uleule, kikapanda taratibu kama moshi wa ubani. Hapo Kamusi akalala usingizi mzito.

Mama akaja. Jirani walikuwa wamejaa sebuleni kuja kumpokea, na Kamusi alikimbilia mlango wa teksi kumshika mkono. Alipomwona alipigwa na butwaa. Mama alikuwa mwembamba vilevile.

"Mama, umekuwa ukiumwa?"

"Goti, mwanangu. Si unajua?"

"Mbona umepungua hivi?"

"Nimepungua wapi? Dada yako ananilisha kama bata. Nimeongezeka, hata nguo zinanibana." Kisha akakiona kiti, na macho yakamlowa. "Ndicho hiki? Umenijengea wewe?"

Hakungoja jibu. Alichechemea hadi kwenye kiti, akaketi, akaishika kamba kwa mkono mmoja na mwingine akaupeleka kwenye komeo lililokizuia kiti chini. Watu wakaanza kupiga makofi. Kamusi alisimama pale jasho jembamba likimtoka. Alimtazama mkewe, mke akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza maishani mwake yule bwana wa majibu akakubali kuwa hajui.

"Mama, usiguse komeo," alisema. "Nisamehe kukuuliza mbele za watu. Una kilo ngapi?"

Makofi yalikoma. Mama akamkazia macho, kisha akacheka.

"Ya kilo sijui mimi. Mizani ya dada yako ni ile ya kizamani, inahesabu ratili. Mia moja thelathini na mbili."

Kamusi hakuhitaji kompyuta kubadilisha hesabu hiyo. Kilo sitini kasoro chembe. Alimwinua mama kitini kwa mikono miwili, akapakia viroba vya kilo sitini, akawasogeza watu, akafyatua komeo kwa fimbo. Kiti kiliruka, kikagonga dari kwa kishindo, kiroba kikapasuka na mchanga ukawanyeshea wote waliokuwa sebuleni.

Kamusi aliketi sakafuni kwenye mchanga na kulia waziwazi. "Ningemuua mama yangu," alisema. "Na namba ya ratili ninayo kichwani, mpaka tarakimu ya mwisho."

Mama alimpangusa mchanga kichwani. "Lakini umeuliza, baba. Mimi niko hapa, mzima. Haya, inuka unipandishe, nimechoka."

Akainuka. Mbele ya mkewe aliyawasha tena maswali ya Mdadisi, akaandika ile namba. Mashine ikauliza: 132 za nini? Safari hii Kamusi alijibu kwa sauti, kwa heshima, kama anayemjibu mkwe: "Za ratili, tafadhali." Mke aligeukia ukutani ili asionekane akicheka.

Mabamba yakapunguzwa, viroba vikajaribiwa tena, na jua lilipokuwa bado linawaka dirishani, mama aliketi, akavuta kamba kwa vidole viwili, akapanda. Alipanda polepole, miguu ikining'inia, huku akiwapungia jirani kama bibi harusi. Wakamsikia akifungua mlango wa chumba chake. Kisha kichwa kikachungulia kutoka juu.

"Mwanangu, chai nayo inapandaje huku?"

Kamusi alikuna kichwa. Zamani angebuni jibu papo hapo. Sasa alimgeukia mkewe na kumuuliza, "Eti, mke wangu, chai itapandaje?"

"Tukishushe kiti, uweke birika pamoja na viroba," mke alisema, "lakini kwanza tulipime."

Na wakalipima, wakacheka, wakakumbuka wahenga: kuuliza si ujinga.