Kiberiti cha Mgeni

Siku ya Jumamosi, tarehe 6 Julai 2019, vijana wa kanisa letu la mlimani, wilayani Rungwe, walikuwa ukumbini wakifunga mizigo ya safari ya umisheni. Walikuwa wakijiandaa kwenda Malawi kuwahudumia watoto na wazee. Walikunja mablanketi, wakapanga sabuni na sufuria katika maboksi, huku wakibishana ni zawadi ipi itakayowafurahisha wenyeji zaidi. Bibi Atuganile, mkubwa wetu katika umoja wa akina mama, alikuwa ameketi kwenye benchi akishona vifungo vya mashati ya watoto. Aliwasikiliza kwa muda, kisha akasema pasipo kuinua macho:

"Kiberiti cha mgeni huzima moto wa mwenyeji."

Vijana wakatazamana. Gwakisa, kijana asiyekosa neno, akacheka. "Bibi, kiberiti huwasha. Hicho cha kuzima kinauzwa duka gani?"

"Hakiuzwi," alijibu Bibi. "Hutolewa bure."

Hapo Tumpe akaacha kukunja blanketi, akauliza methali hiyo imetoka wapi. Bibi Atuganile alikata uzi kwa meno, akasema kwamba haikutoka mbali. Ilianzia papa hapa kanisani, tena kwa wifi yake. Nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Chanzo chake ni hiki. Wifi yangu, Subilaga, alikuwa kiongozi wa akina mama miaka ile ambayo ninyi mlikuwa hamjazaliwa, bidhaa zilipokuwa adimu na kiberiti kikitunzwa ndani kama dawa. Alikuwa mtu wa huruma ya kweli. Nalitanguliza hilo msije mkadhani nawasimulia habari za mtu mbaya. Aliposikia kwamba ng'ambo ya mto Songwe, katika kijiji cha Kapyela nchini Malawi, wapo wazee wasio na wa kuwaogesha na watoto waliofiwa na wazazi, hakutulia mpaka kanisa lilipokubali kumtuma yeye na akina mama wenzake.

Walifika mwezi wa Juni, wakati baridi ya milimani inapouma mifupa. Lugha ya kule ni ndugu ya lugha yetu. Walisalimiana na kuelewana bila mkalimani. Likumbukeni jambo hili. Baadaye wifi yangu alizoea kuniambia, "Laiti tungekuwa hatuelewani, ningepata pa kujifichia."

Kazi waliifanya vizuri. Waliwaogesha wazee kwa maji ya moto, wakawakata kucha, wakawatibu watoto mapunye, wakapika uji, wakakandika kuta zilizobomoka.

Mwisho wa kijiji aliishi mjane mmoja mzee sana, Agogo Nyamsukwa. Agogo ndilo jina wanalowaitia bibi na babu kule. Katika nyumba yake moto haukuzimika. Jioni aliufunika kwa majivu, alfajiri akaufukua, na watoto wa kijiji kizima wakaja kuupalia, yaani kuchukua kaa la kuwashia kwao. Kila mtoto alikuja na kigae cha chungu kilichovunjika na ukuni mmoja kwapani, maana kwa desturi yao moto haukupaliwa kwa mikono mitupu. Mtoto aliuweka ukuni wake, akaulizwa mama yake ameamkaje na nani anakohoa nyumbani, akachukua kaa lake, akakimbia nalo kwao kabla halijapoa.

Subilaga aliwaona watoto wale asubuhi, miguu mitupu kwenye umande, wakipuliza vigae vyao. Siku moja binti mdogo alijikwaa, kaa likamwangukia mguuni. Wifi yangu alimpaka mafuta huku machozi yakimtoka. "Hata leo," akasema, "watoto bado wanatembea na moto mikononi?" Hakumwuliza mtu yeyote jambo lolote. Aliwaagiza wenzake waliokuwa wakirudi nyumbani kuchukua unga walete na viberiti, na kanisa letu likajinyima likavipata.

Kila nyumba ilipewa viberiti vya kutosha. Wanawake walipiga vigelegele. Agogo naye alipewa vyake. Alikigeuzageuza kimoja kiganjani, akauliza:

"Na hiki ni cha nini, mwanangu?"

"Cha kuwashia moto, Agogo."

"Lakini moto ninao."

"Basi kiwe cha akiba," akasema Subilaga, akaenda nyumba ya pili akicheka kwa upendo, kama mtu amchekavyo mzee asiyeelewa.

Kesho yake watoto hawakuja. Wala siku iliyofuata. Manyunyu yalianguka mfululizo, na nani angemtoa mtoto kitandani wakati kiberiti kipo juu ya kabati? Wageni nao walikuwa upande wa pili wa kijiji wakimalizia ukuta, na kila mmoja alidhani mwenzake amepita kwa Agogo.

Ikafika Jumapili ya kuagana. Kanisa lilijaa. Bwana Kayange, mzee wa kanisa, alimsimamisha Subilaga mbele ya watu, akamshukuru kwa niaba ya kijiji. Alisema watoto wa Kapyela sasa wanalala hadi jua linapochomoza. Watu wakapiga makofi. Subilaga aliinama kwa unyenyekevu, na alipoinua macho akaona mkeka wa mbele, ule ambao Agogo huukalia, ukiwa mtupu.

"Agogo yuko wapi?" akauliza.

Bwana Kayange akawageukia akina mama. "Nani amepalia moto kwake leo?"

Akina mama wakageukiana.

"Na jana?"

Mama mmoja akajibu taratibu, "Mimi nina kiberiti."

"Sikuulizi una nini, mama. Nauliza nani amemwona Agogo."

Hakuna aliyekuwa amemwona. Subilaga alisimama pale mbele, sifa zikiwa bado masikioni mwake, naye hakujua aiweke wapi mikono yake. Kisha akatoka mbio, na kanisa lote nyuma yake.

Walimkuta Agogo amejikunyata kando ya mafiga. Majivu yalikuwa baridi. Karibu naye palikuwa na kiberiti kilichofunguliwa, na njiti zimetapakaa sakafuni, nyingine zimevunjika, nyingine zimeungua nusu. Mikono yake ilitetemeka, na hata njiti iliyokubali kuwaka haikupata ukuni wa kuushika moto. Kuni zake zilikuwa zikiletwa na watoto, na watoto hawakuja.

Alifumbua macho, akawatazama waliojazana mlangoni. "Mmekuja kanisa zima," akasema kwa sauti nyembamba. "Ni ibada ya kunisalimu au ya kunizika? Semeni, nijinyooshe."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kikageuka kilio.

Subilaga alipiga magoti, akaipakata miguu ya yule mzee, iliyokuwa baridi kama mawe ya mtoni. "Ngoja nikuwashie, Agogo," akasema, akaokota kiberiti. Agogo akaufunika mkono wa Subilaga kwa wake.

"Usiwashe. Kanipalie."

Basi Subilaga akachukua kigae, akatoka. Aliingia nyumba ya kwanza, akafukua majivu kwa vidole: baridi. Akaingia ya pili, nako baridi. Watu walikuwa kanisani tangu asubuhi, na tangu wapewe viberiti hakuna aliyejisumbua tena kufunika makaa. Alipita mlango kwa mlango, wenye nyumba wakimfuata nyuma, wakiyatazama mafiga yao wenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kijiji kizima kilikuwa na kiberiti, na hapakuwa na moto.

Alirudi na kigae kitupu, akakionyesha. "Hakuna, Agogo. Hakuna hata nyumba moja."

"Basi washa," akasema Agogo. "Ndicho tulichobakiwa nacho."

Wakati huo wengine walikuwa wamekwisha kuleta kuni. Subilaga alikwangua njiti, ikavunjika. Akakwangua nyingine, nayo ikavunjika, kama zile za mzee. Mwishowe moto ukashika. Uji ukapikwa, Agogo akanywa, rangi ikamrudia usoni. Ndipo Subilaga akasema.

"Nisamehe, Agogo. Nilikuona maskini."

"Mimi ni maskini," akajibu Agogo. "Hapo hukukosea. Lakini kila asubuhi kijiji hiki kilikuwa kikija kuniomba mimi. Umenipa kiberiti, mwanangu, ukanifukuzia waombaji wangu."

Safari ya kurudi ilikuwa kesho yake. Wifi yangu aliwasihi wenzake waiahirishe. Kulipopambazuka alishika kigae, akatia ukuni kwapani, akapita katikati ya kijiji. Wanawake wakachungulia milangoni.

"Ee, mama wa viberiti!" mmoja akamtania. "Vimekuishia?"

"Havijaniishia," akajibu. "Ninavyo mfukoni." Akaendelea na njia yake, akaweka ukuni, akaulizwa ameamkaje, akaomba moto.

Hivyo ndivyo alivyofanya kila asubuhi hadi siku ya kuondoka. Baada ya kumwona, baadhi ya nyumba zilianza tena kuwatuma watoto kwa Agogo. Nyingine hazikuwatuma kamwe, maana usingizi wa asubuhi ni mtamu, na zawadi iliyokwisha kutolewa hairudi kwenye katoni. Jambo hili Subilaga alilibeba mpaka kaburini.

Huku nyumbani tulimpokea kwa nyimbo. Mchungaji akamwita mbele atoe ushuhuda wa vile viberiti ambavyo kanisa lilijinyima ili livipate. Alisimama, akatutazama, akasema, "Mlinituma nikawashe. Kiberiti changu kimezima moto wa mwenyeji wangu." Mchungaji alingoja aendelee. Hakuendelea. Alirudi kukaa kando yangu, na nguo yake ya begani ilikuwa imelowa machozi.

Hapo Bibi Atuganile akamaliza. Tumpe aliliangalia blanketi lililokuwa mapajani mwake.

"Bibi, basi haya mablanketi tuyaache?"

"Nani amekwambia uyaache? Baridi ya kule si ya mchezo. Yapelekeni. Lakini kabla hamjafungua boksi hata moja, mwulizeni mwenyeji wenu: watu huja kukuomba nini hapa kwako? Akiwaambia, nanyi mwombeni hicho hicho."

Akachukua shati jingine, akatafuta tundu la sindano, asilione. Gwakisa akamtungia uzi. Alipomrudishia sindano alitamka, taratibu, na safari hii hakucheka:

"Kiberiti cha mgeni huzima moto wa mwenyeji."

Nawe uliyeisoma hadithi hii, usiikalie. Mpalie jirani yako kaa hili kabla halijapoa.