Jezi Iliyomezwa Siku ya Bakuli

— Mpira, mpira!

— Udunde!

— Mbona mnajibu kama mliofunga tangu juzi? Mpira, mpira!

— Uduuunde!

— Udunde wapi?

— Udunde kati!

— Haya, ndivyo hivyo. Paukwa?

— Pakawa!

Sogeeni. Chande, toa mkono kwenye ungo wangu, hizo choroko nimeshazichambua. Na mapema niwaambie, ngano ya leo haina kucheka sana. Mkitaka ya kucheka nendeni kwa mjomba wenu. Yangu inachekesha katikati tu, halafu basi.

Palikuwa na Digidigi. Mnamjua Digidigi? Yule paa mdogo, akisimama hakufiki gotini, miguu myembamba kama njiti za kiberiti. Lakini mbio! Tik-tik-tik, umemwona. Tik-tik-tik, humwoni. Digidigi alikuwa winga wa kushoto wa timu ya Bondeni.

Na palikuwa na Komba, mwenye macho makubwa na mikono kama ya mtoto mchanga. Komba alikuwa kipa. Yeye na Digidigi walikua pamoja, wakala pamoja, wakachapwa pamoja na mama zao. Uwanjani Komba akidaka, pwa! anaita, "Digi!" halafu anarusha kushoto bila kutazama. Atazame nini, na anajua mwenzake yupo? Pwa! "Digi!" Tik-tik-tik, goli. Pwa! "Digi!" Tik-tik-tik, goli. Kila mechi hivyo hivyo.

Mwenyekiti wa timu alikuwa Kiboko. Huyu hakucheza, hakufundisha, hakuwachotea wachezaji hata maji ya kunywa. Kazi yake kukaa. Uwanja ulikuwa kando ya mto, naye alikaa mtoni, palepale kwenye kivuko, maji yamemfika puani, macho juu, anatazama mechi. Na pale kivukoni hapiti mnyama ila kwa ruhusa yake.

Sasa sikilizeni. Kila mwaka ligi ikiisha, ilikuwapo mechi moja ya ziada, inaitwa Mechi ya Bakuli. Haiongezi pointi, haipandishi timu daraja. Ligi imekwisha, bingwa kashajulikana. Ni Bondeni na Vichakani tu, wanacheza, na mshindi anapewa bakuli la mtama uliopikwa kwa asali. Si bakuli hili la kwenu la uji, ni bakuli la kuogea mtu mzima. Wachezaji wanacheza, Mwenyekiti anakula. Akishiba anafuta mdomo, anasema, "Wanangu, tumeshinda!" Nao wanangu wanaenda kulamba ukingo.

Mwaka uliotangulia, Swala alikuwa ameitwa na timu ya Ng'ambo, ng'ambo ya mto, ambako majani ni laini mwaka mzima na wachezaji wanatunzwa, wao na mama zao. Swala akaambiwa acheze Bakuli kwanza ndipo avuke. Akacheza. Nyati, beki wa Vichakani, akamwingilia, kwa! Mguu ukavunjika. Ng'ambo wakasikia, hawakumwita tena. Kiboko akala bakuli lake, akasema, "Ajali ya mchezo." Swala mpaka leo anachechemea, na hakuna anayemkumbuka ila mama yake.

Mwaka huu ikawa zamu ya Digidigi. Hondohondo, mjumbe wa Ng'ambo, akaja akatua juu ya mti, akamwambia, "Tunakutaka. Njoo kabla mto haujajaa. Lakini uje na miguu yako yote minne, mizima."

Digidigi alifurahi mpaka akaogopa. Maana mama yake alikuwa mzee, meno yamekwisha, na Bondeni kiangazi hubaki miiba mitupu. Kila siku Digidigi alimtafunia mama yake majani, akamwekea mdomoni. Na miiba haitafuniki sana. Mama alikuwa anakonda. Digidigi akimtazama mbavu, usingizi haumjii.

Akaenda kivukoni.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema."

"Ng'ambo wananiita, mzee. Naomba ruhusa nivuke na mama."

"Bakuli kwanza."

"Mama hana meno, mzee, na kiangazi ndiyo hiki."

"Bakuli kwanza."

"Na mguu ukivunjika kama wa Swala?"

"Ile ajali ya mchezo. Wewe mtoto, timu imekulea, timu imekuvika jezi, leo unaidengulia mechi moja? Bakuli kwanza!"

Kiboko akazama, bluu-bluu-bluu, mazungumzo yakaisha.

Digidigi akarudi akawaza. Kumwomba, keshaomba. Kupigana naye, thubutu! Kilichobaki ni kumtoa pale mtoni. Na atamtoaje mnyama asiyependa kitu duniani ila kukaa na kula?

Ndipo akaikumbuka sheria ya jezi. Bondeni walikuwa na sheria, na aliyeitunga ni Kiboko mwenyewe. Siku moja Ngiri alivua jezi, akaitupa chini, akaenda kuchimba mizizi yake. Kiboko akawaka, akatangaza, "Kuanzia leo jezi ya Bondeni haitupwi chini! Ukiivua, mpe mwenzio. Filimbi ikilia, aliye na jezi ndiye anayecheza. Hakuna kisingizio!" Wote wakaitikia, "Hakuna kisingizio!" Walikuwa wanaitikia kila asemalo.

Basi siku ya Bakuli ikafika. Asubuhi Komba akaja, macho mekundu, maana yeye mchana ndio usiku wake.

"Digi, leo unacheza? Nasikia maneno."

Hapo Digidigi akasita. Alitaka kumwambia, wallahi alitaka. Lakini Komba alikuwa na ugonjwa mmoja, pombe ya mnazi. Akionja kidogo tu, siri zote nje, za kwake na za jirani. Na asubuhi ile alikuwa ananukia.

Digidigi akasema, "Wewe nirushie tu. Nitakuwepo."

"Basi," akasema Komba, "nilijua ni maneno ya watu." Akaenda zake golini anapiga mbinja.

Digidigi akachukua tikiti, tikiti tamu lililoiva, akaliviringisha ndani ya jezi yake, akashuka kivukoni.

"Mwenyekiti, nishikie kidogo. Nakwenda kunyoosha miguu."

"Kuna nini humo?"

"Jezi yangu, mzee, na tikiti la kula baada ya mechi."

"Tikiti?"

"Tikiti, mzee. Lakini usilile."

"Mimi? Nile tikiti la mchezaji wangu? Ebo! Lete hapa."

Digidigi akamkabidhi, akageuka. Hata hatua hajapiga, akasikia nyuma yake: ngwaaamu! Kulifungua hakulifungua. Kulitafuna hakulitafuna. Tikiti na jezi, vyote vikashuka kooni.

Fyuuuuu! Refa Korongo akapiga filimbi, akahesabu wachezaji kwa mdomo wake mrefu.

"Bondeni mmepungua. Jezi ya winga wa kushoto iko wapi?"

"Nimempa Mwenyekiti," akasema Digidigi.

"Mwenyekiti, jezi iko wapi?"

Kiboko akacheua. "Iko salama."

"Salama wapi?"

"Si… tumboni."

Korongo akauliza, "Sheria yenu inasemaje?"

Nao Bondeni kwa mazoea wakaitikia wote, "Filimbi ikilia, aliye na jezi ndiye anayecheza! Hakuna kisingizio!"

"Lakini sijaivaa!" Kiboko akalia.

"Umeivaa kwa ndani," akasema Korongo. "Toka majini."

Haya, chekeni. Cheka, Chande, cheka sana, jiegemeze na ukuta ucheke. Hapa ndipo katikati.

Kiboko akatoka mtoni, maji yanamchuruzika, tumbo linaburuzika, gudu, gudu, gudu, mpaka winga ya kushoto. Wanyama wakacheka wakaanguka. Kivuko kikabaki wazi. Na huku wote wanatazama kule, Digidigi akamfuata mama yake kichakani, akamwambia, "Mama, twende." Wakaingia majini, chubwi, chubwi, pole pole, mama mbele, mwana nyuma anamsukuma kwa kichwa.

Uwanjani Kiboko mwanzoni aliona haya. Halafu akalikumbuka bakuli, haya zikamtoka. Akawa anautaka kila mpira yeye. "Nipe mimi! Mpe Mwenyekiti!" Anapokonya wenzake, anawakanyaga wenzake, gudu, gudu, gudu, na kadiri anavyokimbia ndivyo asivyoweza kusimama.

Nyati wa Vichakani akapiga shuti, wuuuu! Komba akaruka. Pwa! Kadaka.

"Digi!"

Akataka kurusha kushoto. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mpira, akatazama. Hakuna mtu. Kulikuwa na winga tupu na vumbi.

Wenzake wakampigia kelele, "Rusha, Komba! Rusha popote!" Komba hakurusha. Alijiambia, "Huyu ananitania, atachomoza sasa hivi. Kaniambia atakuwepo." Akaukumbatia mpira kifuani kwa mikono yake miwili.

"Digi! Uko wapi? Digi!"

Katikati ya mto, Digidigi alisikia. Alisimama, maji yamemfika tumboni. Aliijua sauti ile kuliko jina lake mwenyewe.

Mama yake, masikio mazito, akageuka. "Mwanangu, kuna mtu anaita?"

Digidigi akasema, "Hakuna, mama. Ni ndege tu. Twende."

Kule golini Kiboko alikuwa anakuja. "Nipe mimi! Nipe Mwenyekiti!" Gudu gudu gudu gudu. Komba hakumwona, macho yake yalikuwa kushoto, anamngoja mwenzake. Kiboko akataka kusimama, miguu ikakataa. Pwaaaa! Akamwangukia.

Walipomnyanyua Kiboko, na haikuwa kazi ndogo, Komba alikuwa hai. Mpira umepasuka, bado kaukumbatia. Lakini mikono, wanangu. Mikono yote miwili. Alikuwa hapigi ukelele, anaitazama tu kama ya mtu mwingine.

Vichakani wakashinda, wakapewa bakuli. Kiboko akawaomba naye aonje, wakamwonjesha, akalimaliza. Halafu akafuta mdomo, akasema, "Ajali ya mchezo." Kesho yake Nyani alikuwa anajaribishwa golini, na Komba uvimbe haujaanza hata kushuka. Jezi ya kipa walimvua wakiwa wanampa pole.

Na Digidigi? Alifika. Miguu minne, mizima. Akacheza Ng'ambo, akasifiwa, jina likaenda mbali. Mama yake akala majani laini, mbavu zikajaa nyama, akaishi miaka zaidi. Mnataka nimseme vibaya? Simsemi. Mama ni mama. Mimi ningekuwa Digidigi ningevuka pia, na nyie mngevuka, msijifanye.

Ila kule Ng'ambo, makipa walikuwa hodari, wanarusha vizuri, wanatazama kwanza, ndipo warushe. Hakuna aliyerusha bila kutazama.

Kiangazi kingine mto ukapungua, Digidigi akaja ukingoni. Komba alikuwa ng'ambo ya pili, amekaa chini. Yeye wa kuruka matawini, amekaa chini kama kuku.

"Komba!"

"Nani? Digi?"

"Mimi. Pole, ndugu yangu. Nisamehe. Ilinibidi nivuke, mama alikuwa anakufa."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakula."

"Alhamdulillahi."

Mto ukapita.

"Nisamehe kwa kuondoka," Digidigi akasema tena.

"Nani kakulaumu kwa kuondoka?" Komba akasema. "Mimi nimesema nini juu ya kuondoka? Uliona miguu ya Swala, nami niliiona. Ungeondoka tu. Lakini ungeniambia, Digi."

"Ulikuwa umekunywa."

"Nilikuwa nimekunywa, ndiyo. Ungeniambia nikiwa nimekunywa. Ningesema naumwa tumbo, ningekaa nje siku ile." Akaiangalia mikono yake. "Mimi sikuwa napenda Bakuli. Nilikwenda kwa sababu ulisema utakuwepo."

Digidigi akasimama pale mpaka jua likazama, halafu akarudi kwa mama yake.

Filimbi ya ngano imelia. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu niachieni mimi niliyeileta.

Mwatumu, usilie, mwanangu, bado funzo. Nilipofundishwa ngano hii niliambiwa lazima iishe na funzo, na desturi siivunji. Funzo lenyewe ni hili: Watoto, ipendeni timu yenu kuliko miguu yenu, nayo timu itawatunza.

Mbona mnanitazama hivyo? Ndivyo linavyosema. Kalitunga Mwenyekiti mwenyewe.