Wembe wa Ukoo wa Makame

Atakaye wembe usio na doa hubaki na mpini. Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Zuena, aliyerudisha gauni kwa fundi cherehani kwa sababu ya uzi mmoja. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza nyembe zinahusiana vipi na magauni. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za nyembe za kukunja, huko Wete, palikuwa na fundi aliyeitwa Faki Shehe. Kazi yake ilikuwa kufufua nyembe kuukuu. Ungempelekea wembe uliolala sandukuni mwa marehemu mpaka ukashika kutu, naye angeusaga upya kwenye gurudumu la jiwe, akiliendesha kwa mguu, kisha akaumalizia kwenye kinoo na mkanda wa ngozi. Lakini Faki alikuwa na ugonjwa wake: hakuweza kuvumilia doa. Wembe ungekata vizuri, ila ukibaki na kialama cha kutu, kwake bado ulikuwa mgonjwa.

Ugonjwa huo aliuhamishia kwa watu. Binti yake wa pekee, Mwanakombo, alikwisha kuposwa mara kadhaa, na Faki alizirudisha posa zote. Huyu hucheka kwa sauti kubwa, yule mjomba wake aliwahi kugombana na imamu. Sasa aliyeposa alikuwa Khatibu, mtoto wa Makame mchonga milango, na safari hii Mwanakombo alimtuma mama yake aseme wazi kwamba anamtaka. Faki akasema atatoa jibu baadaye. Khatibu alikuwa na kigugumizi, na Faki aliiwaza siku ya ndoa: kijana anaulizwa mbele ya watu, neno linamkwama, wageni wanatazamana. Moyoni alikwisha kuamua kuikataa posa.

Hapo Makame akamletea wembe wa nyumba yao. Wanaume wa ukoo ule walinyolewa kwa wembe huo kabla ya kuoa, naye alitaka uwe tayari endapo jibu lingekuwa la heri. Faki akaupokea shingo upande. Kufika adhuhuri ulikuwa unakata barabara, ila ubavuni palibaki kidoa cheusi, kidogo kama chembe ya ufuta.

Mkewe, Bi Time, akamwambia aliache doa hilo. Faki akarudi kwenye gurudumu. Doa la kutu huzama. Akalifuata, na wembe ukazidi kuwa mwembamba. Kwa haraka akasahau kutia maji kwenye jiwe. Chuma kikapata moto, kikageuka bluu, na chuma kikishafika hapo huwa kimelegea, hakishiki makali tena. Akazidi kusaga ili aiondoe sehemu iliyoungua, mpaka wembe ukapasuka. Mkononi akabaki na mpini wa pembe na kisiki cha chuma. Aliona haya.

Makame alikuja baada ya alasiri. Faki hakumficha, akauweka ule mpini mbele yake juu ya mkeka.

"Ulikuwa haukati?" Makame akauliza.

"Ulikuwa unakata."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini?"

"Palikuwa na doa."

Makame akaugeuzageuza ule mpini. Alikuwa na haki ya kufoka, lakini hakupandisha sauti.

"Doa lile nalijua, Bwana Faki. Baba yangu alinyolewa nalo, na mimi nikanyolewa nalo. Sasa mwanangu ana kigugumizi. Na hicho utakitia kwenye gurudumu?"

Nyuma ya pazia Faki akasikia kwikwi ya Mwanakombo, aliyekuwa akijizuia kulia. Akaona kwamba wembe ni wa watu na umekwisha kwenda, lakini mtoto ni wake, na alikuwa akimmaliza kwa njia ile ile.

Akainuka, akaleta wembe aliokuwa akijinyolea mwenyewe. Ulijaa madoa, maana fundi wa mji mzima hapati nafasi ya vitu vyake.

"Huu unanyoa," akasema. "Mnyoeni nao Khatibu, kama bado mnataka kuoa kwangu."

Makame akayajaribu makali kwa kidole gumba, akautia mfukoni.

Siku ya ndoa mambo yakawa kama Faki alivyoyaogopa. Sheikh aliuliza, na Khatibu, kichwa kimenyolewa kikang'aa, akakwama. Jasho likamtoka. Jirani mmoja akamwinamia Faki, akamnong'oneza: hivi yeye aliyerudisha kijana wa watu kwa ajili ya kicheko, ndiye aliyemkubali huyu? Faki akamshika goti kumnyamazisha, wakangoja. Hatimaye Khatibu akavuta pumzi, akasema amekubali, na sauti yake ikafika mpaka nje barazani.

Faki akapangusa macho bila kujificha, kisha akamgeukia jirani yake.

"Ndugu yangu," akasema, "atakaye wembe usio na doa hubaki na mpini."