Kuku wa Sikudhani na Chungu cha Bi Kazija

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye njaa. Paukwa tena!

— Pakawa!

Hapo sawa. Wewe uliyeegemea mlango, ingia ndani au toka nje, usiniwekee hadithi kwenye baridi.

Hapo zamani za kale, babu wa babu zenu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji. Jina lake sina. Nilipewa hadithi hii bila jina la kijiji, na mimi nawapa hivyo hivyo.

Katika kijiji hicho aliishi mama mmoja, jina lake Sikudhani. Mume hana, alishatangulia. Mtoto anaye mmoja tu, binti, Mwanamvua. Na kuku anao. Mitetea sita, na jogoo mmoja mwenye makelele kuliko kazi.

Sasa sikilizeni desturi ya kule. Binti akiolewa, hakwenda kwa mumewe na nguo na mkeka tu. Alikwenda na kuku na vifaranga wake, kutoka uani kwa mama yake. Kuku wa mji, ndivyo walivyomwita. Tenga likifika kule linafunguliwa, kuku anatoka, vifaranga nyuma yake, chwi chwi chwi, na watu wanasema: huyu ametoka kwenye mji, amekuja kuanza mji. Binti asiye na kuku wa mji hakukatazwa kuolewa. Lakini aliingia nyumba ya watu kichwa chini, na kichwa hicho kilichukua miaka kuinuka. Sikudhani mwenyewe aliolewa hivyo, maana mama yake alikufa mapema. Alijua ilivyo.

Basi Mwanamvua akaposwa. Harusi ikapangwa baada ya mavuno, miezi mitatu mbele. Sikudhani akahesabu kwa vidole. Mayai kumi na matatu. Siku ishirini na moja za kuatamia. Siku chache za vifaranga kupata nguvu ya miguu. Muda upo! Akaenda kwenye viota.

Kiota cha kwanza, hamna. Cha pili, hamna. Cha tatu, manyoya mawili na mavi. Kesho yake, hamna. Kesho kutwa, hamna. Wiki nzima, hamna!

Akasema ni kenge anakula mayai. Akamwaga jivu kuzunguka banda, asubuhi akatazama. Hapana unyayo wa kenge, hapana unyayo wa mwizi. Na kuku wenyewe hawatetei. Mnawajua kuku, akitaga yai moja anatangazia kijiji kizima utadhani amejenga nyumba. Hawa kimya. Wamekaa kivulini, wamefumba macho, kama masultani.

Wiki ya tatu ikaingia, na Sikudhani akaanza kufikiri mabaya.

Upande wa pili wa ua aliishi mjane mmoja, Bi Kazija, mama mpole, msemaji wa maneno machache. Mumewe alizikwa mwaka uliopita. Alikuwa na wanaume watano aliowazaa mwenyewe, na masika yale wote watano walivuka mto kwenda kufyeka mashamba mapya. Ua ule ulikuwa na upenyo, kuku wakipita huku na huku. Na pembeni ya upenyo Sikudhani akaona nyayo. Nyayo za mtu aliyesimama pale mara nyingi.

"Jicho," akasema. "Bi Kazija hana wa kumwoza. Ameona nina binti, ameniwekea jicho."

Ndugu zangu, neno hilo likishatoka mdomoni ni kazi kulirudisha. Sikudhani akakata miba ya kuziba upenyo, akairundika kando. Akajiapiza kwamba kesho kisimani atasema mbele ya wanawake wote.

Lakini kabla ya kesho hiyo akamshika kuku mmoja, akamtia kwapani, akaenda kwa Mzee Chande.

Mzee Chande hakuwa jumbe, hakuwa mganga. Alikuwa msusi wa matenga. Maisha yake yote alisuka matenga ya kubebea kuku, na kila tenga alilipima kwa kuku mwenyewe, akimnyanyua na kumweka, akimnyanyua na kumweka. Viganja vyake viliwajua kuku kuliko kuku walivyojijua. Alitembea na fimbo, ko, ko, ko, na ukimwuliza neno alikuwa hajibu mpaka amalize ukili aliokuwa ameushika. Watu wenye haraka walimchukia sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mpe hapa."

Akampakata kuku. Akampapasa kifua. Akatia vidole chini ya tumbo, akabonyeza. Sikudhani akaeleza yote, jivu, nyayo, jicho, miba. Mzee Chande anabonyeza tu.

"Unawapa nini hawa?"

"Pumba kidogo, mzee. Mengine wanachakura wenyewe."

"Huyu hajachakura mwezi mzima. Tazama kucha zake zilivyo ndefu. Hebu lete mkono. Hapa panapaswa kuwa laini. Sasa pakoje?"

"Pagumu."

"Mafuta. Kuku wako ameshiba mpaka yai limekosa pa kupita. Mwanangu, mchawi gani huyo anayeshibisha? Kesho usiende shamba. Kaa nyuma ya banda, utazame."

Kesho yake Sikudhani akajificha nyuma ya banda. Jua limechomoza tu, kiziwi angesikia, kwang, kwang, kwang! Mwiko kwenye chungu. Bi Kazija amekuja kwenye ua, amekikumbatia chungu kikubwa, kile cha kupikia watu wa shughuli. Ndani kiporo cha ugali wa mtama, na kunde, na karanga za kutwanga juu. Akainama kwenye upenyo, akaita.

"Sefu! Njoo, mwanangu. Makame! Mbaruku, usimsukume mwenzio. Ngoda! Dihenga, wewe siku zote wa mwisho!"

Na kuku wakaja mbio, purupuru, purupuru! Kila mmoja akaitika jina lake. Yule wa sita, mwenye shingo tupu, akaja polepole kwa kiburi.

"Na wewe, Baba Sefu," akasema Bi Kazija, "kula basi, ugali usipoe."

Ninyi mnacheka. Sikudhani hakucheka. Aliwaka. Alisubiri Bi Kazija aondoke, akafunga kanga kiunoni, akaenda kwa Mzee Chande bila hata kunawa uso.

"Nimemkamata, mzee! Ananiulia harusi ya mwanangu kwa ugali! Na leo leo nakwenda kumwambia, mjane mzima, anapikia watu saba naye yuko peke yake, kijiji kimcheke mpaka achoke!"

Mzee Chande akasuka. Akasuka. Akafika mwisho wa ukili.

"Utamwambia," akasema. "Sikukatazi. Ila ningoje mimi nije kwako kula. Kabla sijaja, usiseme kwake wala kisimani."

"Unakuja lini?"

"Keshokutwa jioni."

"Na kuku?"

"Wafungie bandani asubuhi mpaka ukirudi shamba, kisha wafungulie. Pumba usiwape. Wataona panzi wenyewe."

Sikudhani akaondoka amekasirika, lakini neno la mzee hakulivunja. Siku ile ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya Mwanamvua kuingia uwali. Asubuhi somo wake alikuja kumchukua, akamfunika kanga, akaenda naye nyumbani kwake kumfunda, naye hatatoka huko mpaka siku ya harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Sikudhani naye akapiga, kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akaenda shamba, akalima mpaka mgongo ukamuuma, akarudi, akawasha moto.

Jioni, ko, ko, ko.

"Hodi."

"Karibu, mzee, karibu. Chakula kiko tayari."

"Mimi nimeshakula, mwanangu. Kula wewe. Nimekuja kukaa tu."

Mtu kasema anakuja kula, kaja kashiba! Sikudhani akashangaa, lakini hakubishana na mvi. Akapakua. Sahani ya kwanza, ugali. Sahani ya pili, ugali. Mchuzi kwenye bakuli. Akaleta maji ya kunawa. Akageuka kuelekea chumbani.

"Mwanamvua! Chakula!"

Kimya.

Akabaki amesimama na kata ya maji mkononi. Akaitazama sahani ya pili ikitoa mvuke. Mkono wake ulikuwa umepima unga wa mgeni, na juu yake unga wa watu wawili, umesonga, umepakua, na haukumwuliza. Akakaa chini. Akalia, jamani. Akalia kama mtoto, mbele ya mzee wa watu, bila kuficha uso.

Mzee Chande hakumwambia nyamaza. Alimwacha alie mpaka akaishiwa mwenyewe.

"Ameondoka mmoja," akasema, "na yuko hapo nyumba ya tatu, na ameondoka kwa vigelegele. Kwa Bi Kazija wameondoka sita. Mmoja amekwenda asikorudi mtu. Huo ugali uliobaki sasa utaupeleka wapi?"

Sikudhani akaitazama sahani. Akatazama mlango. Bandani kuku wakaguna, kwe, kwe, kwe.

"Mzee," akasema, "na mimi ningewapa kuku."

"Ndiyo," akasema Mzee Chande. Akachukua fimbo yake, akaenda zake. Hakuongeza hata neno moja, na mimi simwongezei.

Asubuhi Sikudhani akaitupa mbali ile miba aliyoirundika kando ya upenyo. Akasimama pale. Bi Kazija akaja, chungu kifuani, akamwona mtu, akataka kurudi. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyefumaniwa anaiba.

"Hujambo, dada," akasema Sikudhani.

"Sijambo, mdogo wangu. Mimi... nilikuwa..."

"Kuku wangu wamenenepa, dada. Hawatagi. Na binti yangu hana kuku wa mji."

Chungu kilitaka kumponyoka Bi Kazija. Akakishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyefanya hivyo? Sikujua, Sikudhani. Wallahi sikujua. Nilijua kumwaga chakula ni dhambi, na kuwapa watu kiporo kila siku watauliza. Nimejaribu kupika kidogo. Mkono unakataa. Nikianza chungu kidogo naona kama nimewafukuza. Nisamehe. Kuanzia leo nitapika kidogo."

"Nani amekuambia upike kidogo?" Sikudhani akapita kwenye upenyo, akakishika chungu upande wa pili. "Pika kama ulivyozoea. Mimi nitakuja kula. Na somo wa mwanangu ana wanawali watatu ndani na mkono mmoja wa kupikia, tutampelekea. Kuku tuwaache na panzi wao."

Basi ikawa hivyo. Kila jioni chungu kikubwa kilipikwa kwa Bi Kazija. Wakala wawili, wakabeba kilichobaki kwa somo, na wanawali wakashiba, na chungu kikarudi cheupe. Kuku asubuhi wakaja kwenye upenyo, wakasimama, wakatazama. Hamna kitu! Siku ya kwanza walinuna. Siku ya pili walipiga kelele. Siku ya tatu yule Baba Sefu akaona aibu ya njaa, akaanza kuchakura, chaku, chaku, chaku, na wengine nyuma yake.

Wiki moja, hamna yai. Wiki ya pili, hamna. Sikudhani hakulala vizuri, na Bi Kazija hakulala kabisa. Mavuno yanakaribia, na kila asubuhi wanawake wawili wazima wameinama kwenye viota, vichwa vinagongana.

Siku ya kumi na saba, Bi Kazija yuko kinuni anatwanga. Akasikia:

"Te-te-te-te-kweeee!"

Akautupa mchi.

"Sikudhani! Sefu ametaga! Sefu ametaga!"

Majirani waliokuwa wakipita walisimama, maana Sefu walimjua, kijana mwenye ndevu. Lakini wale wawili hawakuwa na nafasi ya kumweleza mtu, walikuwa wamekumbatiana wanaruka. Mayai yakaja. Moja, matatu, saba, kumi na matatu. Yule Sefu akaatamia siku ishirini na moja, na vifaranga kumi na mmoja wakatoka. Mzee Chande alisuka tenga jipya, akampima kuku mara mbili, akasema, "Sasa huyu ni mwepesi." Siku ya harusi Bi Kazija ndiye aliyelibeba tenga mbele ya bibi harusi, na Mwanamvua aliingia mji wa watu kichwa juu.

Kijiji kilisikia habari ya Mzee Chande na ule ugali wa sahani mbili. Tangu hapo ikawa desturi. Mtu akiondoka kwenye nyumba, awe ameolewa, amesafiri au amekufa, jirani huenda kula pale jioni ya kwanza. Haalikwi. Haulizwi. Anakaa, ananawa, anakula sahani ya aliyeondoka.

Mzee Chande naye siku yake ilifika, kama itakavyofika ya kila mmoja wetu. Walimzika mchana. Jioni mkewe, bibi kizee, akakataa kusaidiwa, akapika mwenyewe, ugali wa watu wawili. Akapakua sahani ya pili, akakaa kuitazama.

"Hodi," akasema Sikudhani. Nyuma yake Bi Kazija. "Hodi," wakasema wale wanawali watatu, sasa mama wa watoto. "Hodi, hodi, hodi," mpaka uani, mpaka njiani. Kijiji chote kilikuja kula sahani ya Mzee Chande, na ugali haukutosha. Bibi kizee akasimama, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema:

"Nileteeni kile chungu cha Kazija. Na unga. Mtu gani huyu, amekufa na bado ananipikisha!"

Basi wanangu, jirani yako akizidisha jambo, hata jambo jema, usiulize kwanza anakutakia nini. Uliza nani ameondoka nyumbani kwake.

Hadithi yangu inatua hapa. Aliyeshiba ashukuru, na aliyeacha mtu peke yake nyumbani aondoke sasa hivi, akale naye.